Wagombea wa Tume ya Jiji la Grand Rapids wote wanasema wataziba nakisi. Kwa ufunguo upi?

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatununi.

Baada ya miaka kumi na moja hapa Grand Rapids, Michigan, hatimaye nimekula kiapo cha uraia, na safari hii kwa mara ya kwanza nina kura ya jiji. Jumapili iliyopita wagombea wawili wa kata yetu walikuja kanisani baada ya ibada. Tukawapa chai na maandazi, wakapewa dakika zao. Mama mmoja akasimama, mkalimani pembeni, akauliza: tunasikia hela za jiji hazitoshi, ninyi mtaanza na nini? Wa kwanza akasema atafuta matumizi ya ovyo. Wa pili akasema ataleta biashara mpya mjini na mapato yatakua yenyewe. Makofi, picha, kwaheri. Nimefika kwenye gari ndipo nikagundua hatujajibiwa kitu.

Wiki nzima nikitoka zamu ya usiku nimekuwa nasoma makaratasi ya bajeti badala ya kulala. Nilichokiona ni kwamba kamishna wa jiji hili ana mkono mfupi kuliko mdomo wake. Karibu kila fungu la hela lina kufuli, na kufuli zenyewe ziliwekwa na wapiga kura au na sheria za jimbo. Mgombea asiyezitaja anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa mlio nyumbani: jiji lina watu karibu 200,000. Linaongozwa na Tume ya Jiji yenye watu saba, meya na makamishna sita, wawili wawili kutoka kata tatu. Wanachaguliwa kwa miaka minne. Meya si bosi wa ofisi. Kuna meneja wa jiji aliyeajiriwa, huyo ndiye anayeandaa bajeti, tume inaijadili na kuipitisha kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Kwa hiyo anayekuja kwako kuomba kura anaomba kuwa sauti moja kati ya saba. Akisema "nitafanya", mkumbushe hesabu.

Halafu hiyo nakisi yenyewe. Sheria ya Michigan hairuhusu jiji kupitisha bajeti yenye matumizi makubwa kuliko fedha iliyonayo. Pengo linalosemwa ni la makadirio: wanaangalia miaka mitano mbele, wanaona mishahara, bima za afya, pensheni na mafuta ya magari ya kukwangua theluji vinakimbia, mapato yanachechemea. Leo pengo linazibwa kwa akiba. Kesho akiba imekwisha.

Mbona mapato yanachechemea wakati kila kona linajengwa ghorofa? Hapa ndipo nilipokuna kichwa. Mwaka 1994 watu wa Michigan walipiga kura kuwa thamani ya nyumba yako inayotozwa kodi isipande kwa mwaka zaidi ya mfumuko wa bei au asilimia 5, lile lililo dogo, mpaka nyumba iuzwe. Mfumuko ulipopita asilimia 7 mwaka 2022, kodi ilikwama kwenye 5, lakini lami na bima havikukwama. Kabla ya hapo, mwaka 1978, walishapiga kura nyingine kwamba hakuna kodi mpya ya jiji bila wananchi kuulizwa. Mimi mwenye nyumba nafurahi. Mimi huyohuyo nikiona shimo barabarani nakasirika. Ni mimi mmoja.

Mhimili mkubwa wa jiji ni kodi ya mapato. Mkazi analipa asilimia 1.5, anayekuja kufanya kazi kutoka nje analipa 0.75. Mtu wa nje hulipa kwa siku anazofanya kazi ndani ya mipaka ya jiji tu. Mchukue mtu wa dola 40,000 kwa mwaka anayeishi nje. Akija ofisini siku zote tano, jiji linapata 300. Baada ya korona anakuja siku mbili, zilizobaki yuko nyumbani kwake na kompyuta. Jiji linapata 120. Jengo lake la ofisi lipo palepale na zimamoto inalilinda siku zote saba.

Ngoja nipumzike, naendelea chini. Maswali ruksa.

Kigoda

Nimeweka kiti. Endelea mkuu.

Mzee Kobe

Nilivyosoma "Tume ya Jiji" nikajua ni ile ya Keenja, Dar, 1996 mpaka 2000. Kumbe huko tume inapigiwa kura! Sisi tume ilikuja baada ya baraza la madiwani kuvunjwa. Ila tuseme ukweli, watu wa rika langu wanaikumbuka tume ile kwa usafi kuliko mabaraza kadhaa yaliyopigiwa kura.

Wa Buruburu

Mzee Kobe, Nairobi tulikuwa na yetu kuanzia 1983 hadi 1992. Iliwekwa kwa muda tu ati, kusafisha City Hall. Muda huo ukawa miaka tisa. Na haikuwa na mpiga kura wa kuiuliza chochote, kwa hivyo usinipigie debe la tume za kuteuliwa.

Mleta uzi, hapo kwa "hairuhusiwi kupitisha bajeti yenye pengo" usifurahi haraka. Hata kaunti yetu bajeti yake kwa karatasi iko sawasawa kila mwaka. Wanaandika kwamba mapato ya ndani yatakuwa mabilioni fulani, kuegesha magari, leseni, kodi za ardhi. Hayafiki. Kilichopungua kinageuka deni la mwanakandarasi, la yule mama aliyeleta vyakula, la kampuni ya kuzoa taka. Madeni mengine yalirithiwa kutoka baraza la jiji la zamani wakati kaunti zinaanza 2013, na bado yanatembea. Swali langu kwa mgombea yeyote duniani: makadirio ya mapato ya mwaka jana yalikuwa ngapi na zilizoingia ngapi? Akibabaika, mpe chai yake aende.

Mwana wa Ujiji

Wa Buruburu, hilo nimeliandika kwenye daftari. Hapa makadirio yao hayako mbali sana na kinachoingia, ugonjwa wao ni tofauti na wenu. Lakini swali ni zuri.

Fundi Hesabu

Nimekuwa mhasibu wa halmashauri Kanda ya Ziwa miaka mingi, nimestaafu. Mleta uzi, hizo unazoita kufuli sisi tunaziita mapato lindwa. Mwananchi anaona halmashauri imekusanya bilioni kadhaa anasema zipo. Hazipo! Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nne, nne, mbili. Fungu lingine lazima liende kwenye miradi ya maendeleo. Michango ya afya inabaki afya. Ukimaliza kutoa, diwani anapigania kilichobaki kama wali wa mwisho kwenye sinia.

Na kodi ya majengo, enzi zetu tulikuwa tunaikusanya wenyewe, kisha ikapelekwa TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Shilingi 1,000 kwa mwezi ilivyoanza, kwa nyumba ya kawaida. Inalipika kirahisi, sikatai. Ila mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeilipa bila kujua, na diwani hana cha kuamua juu ya kiwango.

Nieleze vizuri: huko kufuli kubwa kuliko zote ni ipi?

Mwana wa Ujiji

Mzee shikamoo. Kubwa kwa maoni yangu ni mbili, na ndizo nilizozipumzikia.

Ya kwanza ni polisi. Mwaka 1995 wapiga kura waliandika ndani ya katiba ya jiji kwamba polisi wapate si chini ya asilimia 32 ya mfuko mkuu. Mfuko mkuu ndio pekee ambao tume ina uhuru nao kidogo. Maji na majitaka vina mfuko wao unaojiendesha kwa bili, bustani zina kodi yao ya nyumba iliyopigiwa kura, huwezi kuhamisha. Sasa ndani ya huo mfuko mkuu, ukijumlisha polisi na zimamoto umeshapita nusu. Wakati wa maandamano ya 2020 watu walidai polisi washushwe mpaka kwenye hiyo sakafu ya 32. Kuteremka zaidi ya hapo kamishna hawezi hata wakikubaliana wote saba. Lazima kura ya wananchi ibadilishe katiba ya jiji.

Kwa hiyo mgombea akisema "nitapunguza polisi", muulize mpaka asilimia ngapi. Akisema "polisi siwagusi", muulize nani atabanwa badala yao, maana kilichobaki ni zimamoto, viwanja vya watoto, wanasheria, ukaguzi wa nyumba za kupanga. Yule wa kwanza kanisani kwetu alisema atafuta matumizi ya ovyo na dakika mbili baadaye akasema ataongeza askari wa doria. Nilimtazama mama aliyeuliza swali, alikuwa anatikisa kichwa taratibu.

Mama Sifa

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma siku ile. Nitasema kidogo. Tarehe 4 Aprili 2022 Patrick Lyoya, mtoto wetu, mkimbizi kutoka Kongo kama sisi, alipigwa risasi na polisi wa jiji hili. Tangu siku hiyo mtu akiniambia habari ya asilimia, mimi sioni asilimia. Naona yule mama yake.

Lakini nina mtoto wa miaka kumi na saba, na mtaani kwetu bunduki zinalia usiku, na nikipiga simu nataka mtu aje. Hayo mawili ninayo kwenye kifua kimoja. Kwa hiyo nikipewa mgombea, sitamuuliza ngapi. Nitamuuliza hizo 32 zinanunua nini? Mafunzo? Mtu anayejua lugha yetu? Au magari?

Kigoda

Mama Sifa umenyamazisha uzi.

Chuma Hakilali

Pole Mama. Ila mimi nina duka dogo Division Avenue, limevunjwa mara mbili. Wanaotaka polisi wapunguzwe wengi hawana vioo vya kubadilisha. Mimi namtaka huyo anayeongeza doria, na hela atoe kwenye mapambo ya katikati ya mji.

Mwana wa Ujiji

Chuma, pole kwa vioo. Lakini "mapambo ya katikati ya mji" nimeyafuatilia sana, kwa sababu hata mimi yananiuma. Ule ukumbi wa muziki wa wazi na uwanja wa mpira vimetegemea sana kodi ya hoteli ya kaunti, ambayo wapiga kura wa Kent, kaunti yetu, waliipandisha kutoka asilimia 5 hadi 8 Agosti 2024. Fedha ya mgeni aliyelala hotelini, na sheria inasema iende kwenye kuvuta wageni. Ukiifuta leo, askari hapati hata senti. Hapo ndipo ninapokasirika na wagombea wanaosimama mbele ya uwanja wakisema "tungeweza kuajiri polisi". Wanajua kabisa.

Mtoto wa Uvira

Bandugu jambo. Mimi naikala Kentwood, kazi iko Grand Rapids. Ile 0.75 banakata kila wiki na kura sina hata moja. Ku Kentwood kodi ya mapato hakuna. Sasa hapa nani anaibiwa? Na wale bamama wa kanisa beko wengi Kentwood pia, walipiga makofi kwa mtu hawawezi kumuchagua!

Mwana wa Ujiji

Ha ha, kweli kabisa, nusu ya waliopiga makofi si wapiga kura wa jiji. Ndugu yangu, hujaibiwa. Unapita barabara ya jiji, ukizimia kiwandani gari la zimamoto la jiji ndilo linafika. Lakini umegusa kidonda. Mgombea anajua kwamba kubana watu wa nje hakumpotezei kura. Ndiyo maana utasikia sana habari ya "waje ofisini". Kiwango chenyewe hakipandishi kwa kutaka kwake. Sheria ya jimbo ya 1964 ndiyo inayoweka mipaka, na mtu wa nje hawezi kutozwa zaidi ya nusu ya mkazi.

Dogo Hesabu

Kwani si wakope tu? Marekani hawa.

Niliyepita Detroit

Dogo kaa hapa nikusimulie. Niliishi Detroit 2009 mpaka 2016. Mwaka 2005 jiji lile lilikopa karibu dola bilioni 1.4 kuziba pengo la mifuko ya pensheni, likaambatanisha na mikataba ya riba ambayo baadaye ililikaba koo. Halikuwa deni peke yake, watu walishahama, viwanda vilishafungwa, lakini deni lile lilisukuma ukuta uliokuwa umeshapinda. Julai 18, 2013 jiji likaingia mahakamani kufilisika na madeni ya kama dola bilioni 18. Wakati huo meya na baraza walikuwepo kwa majina tu. Gavana alikwishaleta msimamizi wa dharura, Kevyn Orr, na sahihi yake ndiyo iliyokuwa sheria.

Wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni na nyongeza ya kila mwaka ya kupanda kwa maisha ikafutwa. Jirani yangu alikuwa dereva wa basi la jiji miaka thelathini. Hiyo 4.5 watu wanaiona ndogo. Yeye kilichomuuma ni ile nyongeza iliyofutwa, maana kila mwaka bei zinapanda na hundi iko palepale.

Na Flint msisahau. Kule nako alikuwepo msimamizi wa dharura, hesabu ikaonyesha kuwa maji ya mtoni ni nafuu, Aprili 2014 wakabadilisha. Madini ya risasi (lead) ya mabomba yakaingia kwenye vikombe vya watoto. Mnapomsikia mgombea anasema "tutabana matumizi" muulize anabana nini, na nani atakunywa hayo maji.

Fundi Hesabu

Huyu wa Detroit amesema. Kubana si kosa na kukopa si kosa. Kosa ni kulipia chakula cha leo kwa hela ya mara moja. Mleta uzi, hiyo akiba na zile fedha za korona vipi?

Mwana wa Ujiji

Asante mzee, umenirudisha kwenye njia. Serikali ya shirikisho ililipa jiji hili zaidi ya dola milioni 90 za kujikwamua na korona. Sharti lake: zipangiwe kazi kufikia mwisho wa 2024 na ziwe zimetumika kufikia mwisho wa 2026. Zile zilizokwenda kwenye jengo au bomba, sawa, bomba lipo. Zile zilizobeba mishahara au huduma za kila mwaka, huduma inabaki na hela haipo. Kwa mgombea hili ni swali rahisi: katika huduma zilizoanzishwa kwa fedha hizo, utaibakiza ipi? Ataje moja tu.

Sasa kufuli ya pili niliyoahidi, na hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Kodi ya mapato ya mkazi ilikuwa asilimia 1.3. Mei 2010, jiji likiwa hoi kwa mtikisiko wa uchumi, wapiga kura walikubali iwe 1.5 kwa miaka mitano. Mei 2014 wakakubali nyongeza hiyo iendelee miaka 15 zaidi, kwa ajili ya barabara na njia za waenda kwa miguu. Kabla ya hapo njia ya miguu mbele ya nyumba yako ikipasuka ulitengeneza mwenyewe kwa hela yako. Hesabu kwa vidole: miaka 15 kutoka katikati ya 2015 inaishia katikati ya 2030. Na kamishna anayechaguliwa 2026 anakaa mpaka mwisho wa 2030.

Mnaona? Anayeomba kura atakuwa kitini siku kura ile itakapofika ukomo. Kwa mtu wa dola 40,000 ile tofauti ya 0.2 ni dola 80 kwa mwaka, si kitu cha kumfilisi. Lakini kwa jiji ndiyo fungu la lami. Likikauka, barabara hazitanyamaza. Zitakuja kubisha hodi kwenye mfuko mkuu, ambao 32 yake imeshafungwa kwa polisi, na zimamoto yupo mlangoni. Nimesoma vipeperushi vya wagombea wote wawili, mbele na nyuma. Mmoja ana picha ya mbwa wake. Neno "2030" halimo.

Wa Buruburu

Picha ya mbwa imenimaliza.

Chuma Hakilali

Hiyo ya 2030 sikuijua, na niko hapa miaka ishirini. Lakini mkuu, mgombea akisema mapema "nitawaomba mrudie kulipa 1.5", si atashindwa asubuhi?

Mwana wa Ujiji

Pengine. Ila 2014 watu walikubali, tena kwa kodi iliyokuwa na jina la kazi yake. Watu hapa wanakubali kulipia kitu wanachokiona. Wanachokataa ni kuambiwa "mfuko mkuu".

Halafu kuna kitu ambacho kamishna hana ufunguo nacho kabisa lakini ana mdomo. Jimbo linagawia miji sehemu ya kodi ya mauzo. Sehemu moja imo kwenye katiba, haiguswi. Nyingine inategemea huruma ya wabunge kule Lansing, makao makuu ya jimbo, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliikatakata ili kuziba mapengo yao wenyewe. Mgombea anayesema kipaumbele chake ni kwenda kugonga mlango wa Lansing, mimi simcheki. Ni kazi ya maana kuliko kutafuta "matumizi ya ovyo" ambayo kila mgombea anayaona na hakuna aliyeyataja kwa jina.

Mama Sifa

Jumapili hii wanarudi, mchungaji amesema. Safari hii nitauliza mimi. Niandikie ile ya 2030 kwa Kiingereza chepesi nishike mkononi. Ile ya 32 sihitaji karatasi.

Mwana wa Ujiji

Nakutumia leo usiku, mama. Na ile ya Wa Buruburu ya makadirio, nitaibeba mwenyewe.

Mtoto wa Uvira

Na sisi ba Kentwood tukuje tu kukula maandazi?

Mwana wa Ujiji

Njooni mkalie viti vya mbele, wagombea hawajui nani ni wa wapi.

Dogo Hesabu

Swali la mwisho. Mimi nina kura Grand Rapids, lakini siku ya uchaguzi niko zamu ya saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni. Inakuwaje?

Niliyepita Detroit

Michigan mtu yeyote anaweza kupiga kura kwa posta bila kutoa sababu, tangu kura ya maoni ya 2018. Unaomba karatasi kwa karani wa jiji, unaijaza mezani kwako, unatia sahihi kwenye bahasha. Usisahau sahihi, watu wengi wanaangukia hapo. Na geuza karatasi: vyeo vya jiji havina chama, viko chini kabisa, mara nyingi upande wa pili.